Jibu: Chembechembe kwenye video za usiku

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba video ya sendofu uliyoirekodi ukumbini Sinza imejaa chembechembe zinazochezacheza kwenye sehemu za giza, na kwamba kamera ilikuwa ikijichagulia yenyewe ISO (kiwango cha kuikuza nguvu ya mwanga ulionaswa), kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, ikiwa 1/200 ya sekunde.

Anza na hiyo kasi, kwa sababu ndiyo inayokunyima mwanga: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, ishushe hadi 1/50, nawe utapata mwanga mara 4 zaidi, tena taa zetu za umeme wa hezi 50 hazitapepesa kwenye picha. Kisha tazama lenzi. Mimi nilihangaika muda mrefu na lenzi ya kuvuta iliyoishia f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi huwa kubwa), hadi nilipoazima ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo huingiza mwanga karibu mara 10, na tofauti niliiona usiku uleule. Ubaya wake ni kwamba fokasi huponyoka upesi bibi harusi anapoingia akicheza, hivyo hapo nakushauri utumie f/2.8.

ISO ipange mwenyewe, wala usirekodi picha ya giza ukitegemea kuiangaza baadaye, kwani chembechembe nazo zitaongezeka. Kuzisafisha wakati wa kuhariri kunasaidia, ila ukizidisha, nyuso hulainika kama nta.