Chai haina sukari: kutunga mdundo wa gwaride unaokaa kichwani

Mdundo wa kwanza niliotunga wa kupigwa barabarani ulikuwa na hatua 31. Aliyewahi kucheza gwaride ameshacheka. Binadamu ana miguu miwili: ukianza na wa kushoto, hatua ya 31 nayo inaangukia kushoto, kwa hiyo mdundo ukirudiwa unaanza na mguu wa kulia. Mara ya tatu unarudi kushoto, ya nne kulia tena. Sisi wapiga ngoma hatukuona tatizo kwa sababu tulishauzoea mazoezini, tukiwa tumesimama. Nyuma yetu watu wa tromboni walikuwa wanarukaruka kama wamekanyaga makaa, kila mmoja akitafuta mguu wake, na msichana wa matoazi alinigeukia kwa jicho ambalo hadi leo nikilikumbuka najiinamia.

Ilikuwa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, katika mji mmoja wa Massachusetts nilikohamia kwa shangazi yangu nikitokea Tanga. Nilikuwa sekondari, napiga snea, ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini zinazoifanya ilie kwa mkwaruzo. Na kichwa kilikuwa kimevimba. Usiku kucha nilikuwa natazama video za vikosi vikubwa vya ngoma na tarumbeta: Blue Devils wa Concord, California, Santa Clara Vanguard, na wa hapo hapo jimboni kwetu, Boston Crusaders, walioanza mwaka 1940. Nilitaka kupiga kama wao. Sikujua kwamba ninachokitazama ni ngoma ya uwanjani, iliyotungwa kwa ajili ya majaji na mashabiki waliokaa kwenye viti na kulipa kiingilio.

Vikosi hivi asili yake ni barabara. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, matawi ya maveterani yaliviunda kwa ajili ya magwaride ya mitaani, na chama chao cha American Legion kikaanza mashindano ya kitaifa mwaka 1921. Ndiyo maana mpaka leo wapiga snea wengi hushika kijiti cha kushoto kiganja kikiwa kimeangalia juu, kama mtu anayeshika kalamu: zamani ngoma ilining'inia begani kwa mkanda, ikalala upande, na mkono haukuwa na njia nyingine ya kuifikia. Siku hizi ngoma hukaa sawasawa juu ya fremu ya mabegani, lakini mshiko umebaki. Mwaka 1972 yakafanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Drum Corps International, chombo kinachoendesha mashindano ya vikosi hivi, huko Whitewater, Wisconsin, na tangu hapo akili za watu zimekuwa uwanjani zaidi kuliko mtaani.

Sasa fanya hesabu ambayo mimi sikuifanya. Mwendo wa kawaida ni hatua 120 kwa dakika. Hatua moja ni kama sentimita 75, kwa hiyo kwa dakika kikosi kinatembea mita 90. Mtazamaji aliyesimama ukingoni anakusikia vizuri ukiwa mita 50 kabla hujamfikia mpaka mita 50 baada ya kumpita. Una dakika moja na sekunde chache, basi. Ukimpigia mdundo wa dakika nzima atausikia mara moja na kuusahau kabla hajamaliza aiskrimu yake. Ukimpigia wa hatua 16 anausikia mara nane. Kwa hiyo tunga mfupi. Kumi na sita, thelathini na mbili ukizidi sana, na isiwe idadi witiri, nakuomba.

Lakini ufupi pekee hautoshi, na hili alinifundisha shangazi, ambaye hajawahi kushika kijiti cha ngoma. Jioni ya siku ile ya aibu nilimkuta jikoni anakoroga chai huku anaimba kitu. Nikasikiliza. Haukuwa mdundo wangu wa hatua 31. Ulikuwa kipande kidogo tulichokuwa tunakipiga kujipumzisha mikono, na yeye alikuwa ameshakitia maneno: *chai haina sukari… chai!*

"Shangazi, umekumbukaje hicho?"

"Si ndicho mlichosema? Vile vingine vyote mlikuwa mnagombana."

Hesabu na miguu yako. *Cha-i* kushoto, *ha-i* kulia, *na-su* kushoto, *ka-ri* kulia. Halafu hatua mbili za kimya, zinasikika viatu tu. Halafu *chai!* kwa ngoma kubwa, mguu wa kushoto, na hatua ya nane kimya tena. Utamu wote uko kwenye zile hatua mbili. Mtu aliyesimama pembeni anajua kuna kitu kinakuja, anakisubiri, na kikija anahisi amekipiga yeye. Toka siku hiyo sipeleki mdundo mtaani kabla sijauimba kwa maneno. Ukikataa maneno, ujue vidole ndivyo vilivyoutunga, masikio hayakushirikishwa.

Kazi ya wimbo wape besi, yaani wapiga ngoma kubwa. Kikosi kikiwa na ngoma kubwa tano za ukubwa tofauti, kila moja na sauti yake, zinaweza kugawana sentensi, huyu silabi hii, yule ile. Snea zikae chini yake. Vijana hawapendi kuambiwa hivyo.

Jambo jingine ni mahali pa kuziweka ngoma. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msafara wa mita 60 wenye ngoma mbele kabisa, wa mwisho wanasikia pigo limechelewa kwa zaidi ya theluthi ya hatua, na hapo hata mdundo wa hatua 16 hautawaokoa. Ziweke katikati.

Na uwe na kitu cha kupiga pale ambapo hupaswi kusikika. Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliofariki, tunapita makaburini. Tunalegeza nyuzi za snea ili sauti ifie ndani, na langoni anabaki mpigaji mmoja tu, anagonga ukingo wa ngoma kwa kijiti, tik, tik, mguu wa kushoto. Mazoezi ya pigo lile moja huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, maana anayepiga peke yake huanza kuharakisha mapigo bila kujijua.

Siku hizi nafundisha watoto wikiendi. *Chai haina sukari* ndiyo ya kwanza kuwapa, na naidai kwa mdomo kabla sijawaruhusu kugusa ngoma. Hawajui Kiswahili hata kidogo, wanaipiga kelele barabara nzima. Mwaka wa kwanza mtoto mmoja wa besi alinivuta pembeni akaniuliza, kwa heshima zote, kama tunalipwa na mkahawa gani.