Shilingi 540 zilizonirudisha kwenye kikokotoo cha mabati

Wiki mbili zilizopita mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinipigia simu hata sijanywa chai. "Mwanangu, njoo Kibuye. Kuja na kompyuta yako." Hakuongeza neno.

Tovuti ya duka lake niliitengeneza mwaka 2019, nilipokuwa nimetoka chuo juzi tu. Mteja anachagua geji ya mabati, yaani unene wake, anaandika idadi na urefu, bei inatokea pamoja na VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nilijivunia kazi ile. Nusu ya Kisumu iliniona nikiionyesha kwenye simu.

Nilimkuta na risiti mezani. Mabati 20 ya mita 3, geji 30, shilingi 450 kwa mita: 27,000. Kikokotoo changu kiliongeza VAT ya 3,780. Binti yake, anayesomea uhasibu, alipiga kwa kalamu akapata 4,320. Pungufu ni shilingi 540, na kwa kuwa serikali inadai kodi kamili, pengo hilo lilikuwa likizibwa na faida ya mama.

Kosa nililijua kabla sijafungua kompyuta. Aprili 2020 VAT iliposhuka kutoka asilimia 16 hadi 14, niliibadilisha mahali saba, maana hesabu ileile nilikuwa nimeinakili mara saba. Januari 2021 ikarudi 16. Nikarekebisha sita. Nikajaribu geji 28, jibu likaja sawa, nikafunga kazi. Geji 30, ambayo ndiyo wanunuzi wengi wa duka lile huichukua, sikuigusa.

Mama hakunifokea. Alisema, "Nilikuamini," akageuka kumhudumia mteja. Neno hilo limenikaa kifuani hadi leo.

Basi wewe uliye na kikokotoo cha zamani mahali fulani, kifungue leo. Usianze na rangi wala vitufe. Anza na risiti. Nilichukua risiti 30 kutoka msumarini dukani kwa mama, nikazikokotoa kwa mkono, kisha nikaziingiza moja moja. Hapo ndipo utakapojua kazi yako ikoje, na usiposhtuka, rudia na risiti za geji nyingine.

Kiwango cha kodi kiandike mahali pamoja tu, na tarehe kilipoanza kutumika, ili oda ya Novemba 2020 ikifunguliwa tena ihesabiwe kwa 14. Bei vilevile, mahali pamoja. Narudia: mahali pamoja.

Tena JavaScript, lugha ya programu inayofanya hesabu ndani ya kivinjari, ina mitego yake. Anachoandika mteja kwenye kisanduku hufika kama maandishi. Ukizidisha, kivinjari chenyewe hukigeuza kuwa namba, kwa hiyo hutaona shida yoyote. Ukijumlisha, kinaunganisha: 27000 na usafiri wa 1500 vinakuwa 270001500. Kigeuze kuwa namba mwenyewe kabla ya hesabu yoyote. Na 0.1 ukiongeza 0.2 utapata 0.30000000000000004, kwa hiyo pesa zihesabu kwa senti nzima, ugawanye kwa 100 wakati wa kuonyesha tu. Kama mteja analipia palepale kwenye tovuti, seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, ipige hesabu upya, kwa sababu kilicho kwenye kivinjari mtu yeyote anaweza kukibadilisha.

Usiku tatu nilizikesha. Mistari ya programu zaidi ya 400 imebaki 90, na ninaisema kwa fahari. Lakini fahari ya 2019 ilikuwa ya kuonyesha watu. Wewe jenga kitu ambacho mwenye duka anaweza kukikagua bila wewe. Vijana wenzangu, tunapenda kazi mpya, tunakimbia za zamani, na pesa za watu zinavuja kwenye zile za zamani.

Jumamosi bei ya geji 30 ilibadilika. Binti wa mama aliiweka mwenyewe kwa simu, mimi nikiwa Ahero. Kwenye matatu nilifungua tovuti, nikaandika 20, nikaandika 3, nikatoa kalamu.