Maswali ya Wasomaji: Mwakilishi wa Wafanyakazi Katika Baraza la Chuo Anamjibu Nani?

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu uchaguzi wa wawakilishi wa wafanyakazi katika vyuo vikuu imetuletea barua nyingi kutoka Unguja na Pemba. Tumechagua nne ambazo maswali yake yanawagusa watu wengi. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na vyuo vyao hatuvitaji.

*Assalaamu alaykum. Mimi ni mhadhiri, na wenzangu walinichagua kwa kura niingie katika Baraza la Chuo. Katika kikao changu cha kwanza tulijadili makisio ya fedha ya mwaka pamoja na pendekezo la kuunganisha idara mbili. Nilipotoka tu, wenzangu walinizunguka kutaka kujua yaliyosemwa. Katibu wa Baraza alikuwa ameshatuonya kwamba mjumbe haruhusiwi kutoa nje neno lolote, na Mwenyekiti akaongeza kuwa sisi tuliochaguliwa hatumo mle kwa ajili ya waliotuchagua bali kwa maslahi ya chuo. Sasa wenzangu wananiona nimewageuka. Naomba nifahamishwe: mimi mle ndani namwakilisha nani? — Mhadhiri, Mwanakwerekwe*

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mwenyekiti wako amesema kweli, ila kweli hiyo haifiki mbali kama anavyotaka ifike.

Baraza ndicho chombo cha juu cha chuo katika mambo ya fedha, mali, ajira na sera, ilhali Seneti husimamia masomo, mitihani na utoaji wa shahada. Kila anayeingia katika Baraza, awe ameteuliwa na Serikali, ameletwa na wahitimu au amechaguliwa na wafanyakazi, hubeba jukumu moja na wenzake, nalo ni kuamua kwa faida ya chuo kizima. Kwa hivyo, waliokuchagua wakikutaka uunge mkono jambo unaloliona wazi kuwa litakiangusha chuo, huwezi kunyoosha mkono na kusema kwamba umetumwa. Hapo Mwenyekiti yuko sahihi, na wenzako wanapaswa kulielewa hilo tangu siku ya kupiga kura.

Lakini nafasi yako haikuwekwa kwa ajili ya kujaza kiti. Chukua hilo pendekezo la kuunganisha idara mbili. Mjumbe wa kutoka nje ya chuo anasoma waraka wa fedha, anaona posho za wakuu wawili wa idara zitakuwa posho moja, na anaridhika. Wewe unajua kwamba katika mojawapo ya idara hizo wahadhiri wachache ndio wanaosimamia tasnifu za wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho, kwamba ratiba za vipindi vya maabara zinagongana, na kwamba wanafunzi waliokwisha kusajiliwa wana haki ya kumaliza mtaala walioanza nao. Mambo hayo hayamo katika waraka, na usipoyasema wewe, hakuna atakayeyasema. Unawatumikia waliokuchagua kwa kuhakikisha kwamba Baraza haliamui kabla ya kuyajua wanayoyajua wao, na huo ndio utumishi kwa chuo pia. Sioni mgongano baina ya mambo haya mawili.

Fikra hii haikuzuka jana. Mwezi wa Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma wa taasisi za elimu ya juu za Tanzania zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, likafuatiwa na Azimio la Kampala mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1997 UNESCO ilipitisha Pendekezo lake kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu, ambalo linasema kuwa walimu hao wawe na haki ya kushiriki katika vyombo vya uongozi vya taasisi zao, haki ya kukosoa uendeshaji wake, na haki ya kuchagua wawakilishi walio wengi katika vyombo vya kitaaluma. Pendekezo si sheria, na hakuna mahakama itakayolisimamia kama sheria, lakini ni msimamo uliokubaliwa kimataifa na una uzito unapouweka mezani.

Tuje kwenye usiri, ambako ndiko ulikokwama. Kauli ya kwamba mjumbe asiseme chochote ni pana kupita kiasi. Zipo siri ambazo lazima uzilinde hata wenzako wakikununia: jalada la mfanyakazi mmoja mmoja, shauri la nidhamu, zabuni ambayo haijafunguliwa, mazungumzo ya mkataba yasiyokamilika, na nani alisema nini wakati wa mjadala. Hili la mwisho wengi hulipuuza, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu mjumbe anayejua kwamba maneno yake yatafika kantini kabla ya yeye kufika nyumbani hatasema tena la moyoni. Ama uamuzi uliokwishapitishwa, sababu zake rasmi na tarehe ya kuanza kutumika, hayo yanawahusu watu watakaoyatekeleza, na kuyaficha hakulindi chochote. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako wajumbe 16 wa Baraza huchaguliwa na wanataaluma na maofisa wa chuo wenyewe, ripoti za mambo mazito huchapishwa katika gazeti rasmi la chuo, wanachama wakapewa fursa ya kuzijadili, na maneno yao nayo yakachapishwa. Chuo hicho kina karne nane na hakijaangushwa na uwazi huo.

Nakushauri ufanye hivi. Kabla kikao hakijafungwa, muombe Mwenyekiti atamke ni ajenda zipi zinabaki kuwa siri na mpaka lini, na uombe tamko hilo liandikwe katika kumbukumbu. Baada ya hapo andika taarifa ya ukurasa mmoja ya yale yasiyo siri, mpe Katibu aipitie, kisha uwasomee wenzako katika mkutano wa wazi badala ya kumnong'oneza mmoja mmoja ukumbini. Taarifa iliyopita mkononi mwa Katibu hakuna atakayekulaumu kwayo. Vilevile, waite wenzako kabla ya kikao kijacho, maana mwakilishi anayekutana na wapiga kura baada ya uamuzi tu atakuwa mleta habari, na habari mbaya mara nyingi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu litakufika. Ukijadiliwa mshahara wa wafanyakazi wote, tamka kwamba nawe unahusika, kisha ubaki na uchangie, isipokuwa kanuni za Baraza lenu zinakataza. Ikijadiliwa rufaa ya kupandishwa cheo kwako au kwa jamaa yako, toka nje bila ya kusubiri kuambiwa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi sanifu wa maabara kwa miaka mingi. Wahadhiri wanachagua wawakilishi wao, wanafunzi wana serikali yao na wanaingia vikaoni, lakini sisi wa maabara, maktaba, udereva na uhasibu tunasikia mambo yakiwa yameshakatwa. Je, sisi si watu wa chuo? — Fundi, Fuoni*

Ni watu wa chuo, ndugu yangu, na malalamiko yako yana haki. Hata hivyo inafaa kutenganisha Seneti na Baraza, kwa sababu jawabu langu kwa kila chombo ni tofauti.

Swali kama lako liliwahi kufika mahakamani. Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, jimbo la Niedersachsen lilitunga sheria iliyoyapa makundi mbalimbali ya chuo, yaani maprofesa, wasaidizi wao, wanafunzi na wafanyakazi wengine, sehemu katika vyombo vya maamuzi. Baadhi ya maprofesa walipinga. Mwezi wa Mei 1973 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kuyashirikisha makundi si kosa kwa msingi wake, lakini katika mambo ya ufundishaji maprofesa wawe na angalau nusu ya kura, katika utafiti na uajiri wa maprofesa wawe na zaidi ya nusu, na wafanyakazi wasio wanataaluma wasipewe kura katika mambo hayo bila ya kuangalia linaloamuliwa ni lipi. Mantiki yake naikubali. Swali la iwapo tasnifu ya shahada ya uzamivu imefikia kiwango haliamuliwi kwa wingi wa vichwa, linaamuliwa na wenye ujuzi wa fani ile.

Mantiki hiyo hiyo, ukiigeuza, inakupa wewe haki katika Baraza. Vifaa vya maabara vinaponunuliwa bila ya kumuuliza anayevitumia, hela inapotea. Na anayejua kwamba mashine iliyopo ilihitaji kipuri tu, wala si mashine mpya, ni wewe. Sheria ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 imelitambua hilo kwa kutaka Baraza la chuo liwe na wajumbe waliochaguliwa na wanataaluma na wengine waliochaguliwa na wafanyakazi wasio wanataaluma, huku ikiweka sharti kwamba angalau asilimia 60 ya wajumbe wote wawe watu wasio waajiriwa wala wanafunzi wa chuo. Sharti hilo linajibu hofu ya wale wanaosema kwamba wafanyakazi wakipewa viti watajigawia mishahara.

Kwetu, elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Sheria ya Vyuo Vikuu Namba 7 ya 2005 ndiyo inayoongoza vyuo vyote vya Bara na Visiwani, lakini kila chuo kina hati yake au sheria yake ya kukianzisha, kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ambacho msingi wake ni Sheria Namba 8 ya 1999 ya Baraza la Wawakilishi. Idadi ya viti na nani anachagua vimo katika nyaraka za chuo husika. Nenda afisi ya Msajili, omba hati na kanuni za chuo chenu, usome sehemu ya muundo wa Baraza. Kiti chenu kikiwa kimo na hakijajazwa, andikeni barua ya pamoja mkiomba uchaguzi uitishwe. Kikiwa hakimo, ombi lenu liwe la kurekebisha kanuni, na njia yake ni ndefu zaidi.

*Nimeteuliwa katika kamati ya uchaguzi ya chuo ambacho makao yake yako Unguja na tawi lake liko Pemba. Tunatakiwa tupendekeze utaratibu wa kumchagua mwakilishi mmoja wa wafanyakazi. Tawi letu lina watu wachache. Tutapigaje kura kwa haki? — Mkutubi, Wete*

Dada yetu, uzuri ni kwamba mmeulizwa mapema. Wazo la kuwataka watu wa Pemba wapande boti Mkoani wakapige kura Unguja msilikubali hata kwa mjadala, kwani haki inayohitaji nauli na ruhusa ya siku mbili si haki sawa.

Wekeni kituo katika kila tawi, siku moja na saa zile zile. Daftari la wapiga kura lifungwe na kubandikwa ukutani wiki mbili kabla, ili aliyeachwa apate muda wa kulalamika. Wasiokuwepo kwa ugonjwa, masomo au safari ya kikazi wapewe bahasha mbili: ya ndani haina alama yoyote na ndimo inamowekwa kura, ya nje ina jina na saini. Kamati huhakiki jina kwanza, kisha huitoa bahasha ya ndani na kuitumbukiza sandukuni ikiwa bado imefungwa.

Hatari kubwa kwenu ni udogo wa tawi. Kura za watu kumi zikihesabiwa Pemba peke yake na matokeo yakabandikwa, mkuu wa tawi atajua kwa urahisi nani hakumpigia anayemtaka, na mkiwa wote mmempigia mtu mmoja siri imekwisha kabisa. Kwa hivyo sanduku lifungwe kwa lakiri mbele ya mawakala, namba ya lakiri iandikwe katika fomu na kila wakala abaki na nakala yake, lisafirishwe likiwa na angalau watu wawili wa pande tofauti, na huko kwenye hesabu karatasi zote za Pemba na Unguja zimwagwe mezani na kuchanganywa kabla ya kuhesabiwa. Kinachotangazwa ni jumla tu.

Kwa kuwa kiti ni kimoja, fikirieni kura ya kupanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu. Wagombea wakiwa watano na kura zikagawika, mtu anaweza kushinda hali ya kuwa wengi hawakumtaka. Kwa kupanga namba, wa mwisho huondolewa na kura zake kwenda kwa chaguo linalofuata la wapiga kura wale wale, mpaka apatikane mwenye zaidi ya nusu. Msimamizi asiwe mgombea, wala asiwe mtu ambaye mgombea ndiye anayemjazia fomu ya tathmini ya kazi.

Ama mtu wa Pemba, kwa uchache wenu hamtashinda kwa idadi. Mimi naona ni bora kanuni iseme kwamba mwakilishi akitoka Unguja, msaidizi wake atoke Pemba, apewe ajenda zote na ahudhurie mwenziwe asipoweza.

*Kiongozi wa chama chetu cha wafanyakazi anataka kugombea kiti cha Baraza bila ya kuacha uongozi wa chama. Inafaa? — Mhasibu, Chake Chake*

Sishauri. Chama cha wafanyakazi kinafanya kazi chini ya Sheria ya Mahusiano Kazini ya Zanzibar, Namba 1 ya 2005, na kazi yake ni kukaa upande mmoja wa meza na kudai maslahi ya wanachama wake, wakati mwajiri amekaa upande wa pili. Mjumbe wa Baraza ni sehemu ya mwajiri huyo. Kiongozi wenu ataona waraka wa siri unaotaja kiwango cha juu ambacho chuo kiko tayari kulipa, na wiki inayofuata atakaa kujadiliana juu ya kiwango hicho hicho. Akikitumia amevunja siri ya Baraza, asipokitumia amewanyima wanachama wake nguvu. Aruhusiwe kugombea kama mfanyakazi mwingine yeyote, lakini fomu ya kugombea iwe na kifungu anachotia saini kwamba akishinda atajiuzulu uongozi wa chama kabla ya kikao chake cha kwanza.