Simba Niliowaahidi Wageni, na Kiingereza cha Mambo ya Kesho

Asubuhi moja nilisimama mapokezi ya hoteli moja hapa Nairobi, mbele ya mume na mke waliokuja kutalii. Nilikuwa nimeshawasalimu na kuwapa maji, ndipo nikakumbuka kwamba gari nimeliacha nyuma ya jengo. Nikawaambia kwa uchangamfu wote, "I'm coming," nikageuka, nikaenda zangu. Niliporudi na gari niliwakuta palepale, wamenikodolea macho. Yule mama akaniuliza, "Coming where?"

Kwangu hapakuwa na kosa. Mtu akiinuka mezani akakuambia "nakuja", unajua anaondoka na baadaye atarudi. Mzungu akisikia "I'm coming" anatazamia umsogelee, halafu anakuona unampa mgongo. Neno alilotaka ni "I'll be right back."

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilikuja Nairobi kutoka Kilifi na Kiingereza cha darasani ambacho kwenye karatasi kilikuwa kizuri tu. Kilichonisumbua barabarani ni mambo ya mbele: mipango, ahadi, makisio. Kazi yetu yote ni hayo. Kesho tunaondoka saa ngapi, tutaona nini, mvua itanyesha, tutarudi lini. Jana ya mgeni hainihusu, kesho yake ndiyo ninayouza.

Shuleni tuliambiwa -ta- ni "will", tukafunga daftari. Nitakuja, I will come. Tutaona, we will see. Si uongo, ila umenigharimu. Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukitaka kusema ya kesho kwa Kiingereza, usianze na sentensi ya darasani. Anza na ile ambayo ungemwambia mkeo jikoni au kondakta mlangoni. Utashangaa ni mara ngapi haina -ta- ndani yake.

Sikiliza. "Kesho naenda Naivasha." Hapo safari imeshapangwa, gari lina mafuta, wageni wamelipa. Hukusema "nitaenda". Mwingereza naye hasemi "I will go", anasema "I'm going to Naivasha tomorrow", au "I'm driving to Naivasha tomorrow", kitenzi kilekile cha jambo linaloendelea sasa. Ukimwambia "I will go to Naivasha tomorrow" atakuelewa, lakini masikioni mwake ni kama umeamua sasa hivi.

"Hifadhi inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi." Hiyo ni ratiba, haikungoji wewe wala mimi. "The park opens at six." Kitenzi kitupu. Treni, ndege, shule kufunguliwa, yote hukaa hapo.

"Ngoja nikuletee maji." Umeamua muda huohuo, baada ya kumwona mgeni anakohoa. Hapa ndipo "will" ilipo nyumbani kwake: "I'll get you some water." Madereva wengi tunasema "Let me bring for you water", kwa sababu ya ile "ngoja" na "wacha" yetu. Na itamke fupi, "I'll", ulimi usikwame. Ukisema "I WILL bring" kwa mkazo, inasikika kama mtu aliyekuwa anabishiwa.

Halafu ile ninayoipenda kuliko zote. Ukiwa Lang'ata ukaona wingu jeusi linashuka kutoka upande wa Ngong, unasema "mvua inataka kunyesha." Nimewahi kumsikia mwenzangu akiwaambia wageni, "The rain wants to rain." Walicheka mpaka wakashika matumbo, ingawa nadhani Kiswahili chake kilikuwa kimeona jambo kwa usahihi kuliko mwalimu wake. Dalili zipo mbele ya macho. Kiingereza cha dalili ni "going to": "It's going to rain." Vivyo hivyo ukiona taa nyekundu za magari zimejipanga Mombasa Road hadi upeo wa macho: "We're going to be late." Lakini ukitoa maoni yako tu kuhusu mwezi wa nne, wakati wa masika, bila wingu lolote la kuonyesha kwa kidole, "I think it will rain in April" inatosha.

Na usimcheke sana yule wa "wants". Hii -ta- yetu yenyewe ilitokana na kitenzi taka, na umbo zima bado unaliona kwenye "nitakapokuja". "Will" ya Kiingereza cha zamani nayo ilikuwa na maana ya kutaka. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja kwao, walichukua kutaka wakakifanya kesho.

Kutaka huko hakujafa. Kuna dirisha la gari langu ambalo siku ya baridi linakataa kufunguka. Nilikuwa nawaambia wageni "The window has refused to open", nao wanatabasamu kwa adabu. Mwingereza anasema "The window won't open." Ni "will" iliyokanushwa, na hakuna kesho hapo kabisa, ni ukaidi wa sasa hivi. Gari limekataa kuwaka, "the car won't start." Ndiyo maana ukialikwa chakula ukajibu "I won't come", umemkatalia mwenyeji usoni. Sema "I can't make it", au "I'm not coming" kama mmezoeana.

Sasa simba.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ipo tangu 1946, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 hivi, na majumba ya jiji unayaona nyuma ya twiga. Ina simba, ina vifaru, ina nyati. Tembo wa porini haina, na hilo lenyewe ni swali la kila siku kwa sababu wageni huwa wamewaona watoto wa tembo kwenye picha za kituo cha yatima kilicho pale pembeni. Mwaka wangu wa kwanza, mgeni aliniuliza kama tutaona simba. Nikajibu kwa moyo mkunjufu, "Yes, you will see lions." Kwangu ile ilikuwa "mtaona tu", maneno ya kumtia mtu moyo, na kimoyomoyo nimeongeza inshallah. Yeye alisikia ahadi. Tulizunguka kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Tuliona pundamilia, mbuni, vifaru wawili kwa mbali. Simba hawakutokea. Jioni ofisini nikaitwa kueleza kwa nini nimemdanganya mgeni.

Mzee mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinipeleka pembeni. "Kijana wangu," akasema, "simba si wako. Kwa nini unawaahidi?" Akanipa maneno matatu, nikayaandika nyuma ya risiti ya mafuta. "We might see lions", huenda. "We'll probably see rhinos", yaelekea. "We won't see elephants here", hilo ni la hakika, liseme bila kupepesa macho. Kiswahili kinayo haya yote: huenda, yaelekea, labda, Mungu akipenda. Tatizo ni kwamba tukihamia Kiingereza tunayaacha kizingitini na kuingia na "will" peke yake, uchi. "Will" bila neno la kuipunguza makali, mbele ya mtu aliyelipa, ni hati ya deni.

Kuna mtego mwingine ambao umetukamata karibu sote, na hata walimu sijasikia wakiueleza kwa njia ya Kiswahili. "When we will reach the gate, I will pay." Kwetu ni sawasawa kabisa: tutakapofika getini, nitalipa. Hiyo -ta- imo mara mbili bila aibu. Kiingereza kinaitaka kesho mara moja tu: "When we reach the gate, I'll pay." Baada ya "when", "before", "until", "as soon as", "if", acha kitenzi kitupu.

Lakini basi utasikia mtu anasema "I don't know when the guests will arrive", uchanganyikiwe. Nilichanganyikiwa miaka miwili. Siku moja nikiwa kwenye foleni nikaijaribu sentensi kwa Kiswahili na fundo likafunguka. Kama "when" yako ni -po-, tutakapofika, "will" haina nafasi. Kama ni lini, sijui wageni watafika lini, "will" inaingia bila shida. "If" ni vilevile. Mvua ikinyesha, ile ya -ki-: "if it rains". Sijui kama itanyesha, ile ya kama: "I don't know if it will rain." Tangu siku hiyo sijakosea, isipokuwa nikiwa nimechoka.

Ya uwanja wa ndege ni mepesi, nayapitia haraka. "Nitakuwa nakusubiri" ni "I'll be waiting for you", neno kwa neno. "Ukitua nitakuwa nimeshafika" ni "By the time you land, I'll have arrived." Wanaoogopa maumbo haya marefu wanaogopa bure, sisi tunayo yenyewe na tunayatumia tangu utotoni. Hatari ni "mpaka". Kiswahili cha mdomoni kinaruhusu "mpaka saa nane nitakuwa nimefika." Ukiandika "until two" mgeni ataelewa kwamba baada ya saa nane haupo. Unachotaka ni "by two". Jiulize kama ungeweza kusema "kufikia saa nane". Kama ndiyo, ni "by".

Na ukijitolea kufanya jambo, "Nifungue paa?", usiseme "I open the roof?" Kuna "shall" inayokungoja hapo: "Shall I open the roof?" Sehemu nyingine sioni haja ya kuibeba.

Nilivyojizoeza ni hivi, nawe badilisha upendavyo. Kila usiku kabla ya safari najirekodi kwenye simu nikimweleza mgeni wa kubuni siku ya kesho, dakika mbili, si zaidi. Lazima niseme kitu kilichopangwa, kitu cha ratiba, kisio moja lenye dalili na kisio moja lisilo na dalili. Kisha nasikiliza. Aibu ya kujisikia mwenyewe ukisema "when we will" ni mwalimu mkali. Mwanzoni nilikuwa naandika, nikaacha, kwa sababu mkono unapata muda wa kufikiri na mdomo hauupati. Vitabu vya sarufi ninavyo viwili na sivikatai, ila mazoezi yake yana watu wanaokwenda Paris wikendi, nami sikuweza kujiona humo. Tunga ya kwako, yenye soko la Gikomba, yenye kulipia kiingilio cha mbuga kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, yenye foleni.

La mwisho si sarufi lakini limenivurugia mipango kuliko sarufi yote. Nilimwandikia mgeni, "I will pick you at eight." Makosa mawili hapo. La kwanza dogo: wao husema "pick you up", "pick you" peke yake ni kama kumchagua. La pili ni kwamba kichwani mwangu ilikuwa saa nane, mchana. Yeye alikuwa mlangoni saa mbili asubuhi na begi lake, kofia kichwani. Alipopiga simu nilikuwa bado nyumbani, mtaa wa Pipeline, sufuria ya chai jikoni, nikimwambia "I'm on my way" huku natafuta soksi. Siku hizi naandika saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne, 14:00, naweka na siku ya wiki mbele yake, kisha namwomba mgeni anirudishie kwa maneno yake mwenyewe kabla sijalala.