Kati ya ruzuku ya kaya na bumu la kwanza

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mtoto wa kaya maskini akishapata mkopo wa elimu ya juu, anahitaji msaada gani tena? Mimi nasema anahitaji kusaidiwa aifikie siku ya kusaini bumu lake la kwanza, yaani fedha ya kujikimu anayopewa mwanafunzi kutoka kwenye mkopo huo. Akishaifikia, maisha ya chuo ni magumu lakini yanaendeka. Kabla ya siku hiyo ipo miezi ambayo hakuna mfuko wowote unaomhesabu kuwa ni wake, na hapo ndipo ninapowaona vijana wakikwama.

Nina steshenari Mpwapwa mjini. Kila mwaka dirisha la mikopo likifunguliwa, waliomaliza kidato cha sita wanakuja kujaza maombi ya Bodi ya Mikopo, wengi wakiongozana na mama zao au bibi zao. Naskani vyeti, natoa kontrol namba ya kulipia ada ya maombi, shilingi 30,000, nachapa fomu iende ikasainiwe na viongozi wa mtaa au kijiji na kugongwa muhuri wa wakili, kisha naipandisha tena kwenye mfumo. Ninayoyaeleza hapa yanapita mezani kwangu.

Chukueni mtoto wa kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanza 2012. Kaya inalipwa ruzuku kila baada ya miezi miwili, na sehemu ya fedha hiyo inafuata watoto walioko shuleni. Kwa viwango vya awamu ya kwanza, kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi, kisha 2,000 kwa mtoto wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 6,000 kwa wa kidato cha tano au cha sita. Viwango vimebadilika baadaye, ila utaratibu wa kumhesabu mtoto kwa sababu yuko darasani umebaki. Juu yake, tangu Julai 2022 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa. Mpaka hapo nasema bila kusita kwamba nchi imefanya kazi kubwa. Nawafahamu watoto ambao bila mpango huu wangeishia darasa la saba.

Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Akiweka kalamu chini, si mwanafunzi wa sekondari tena, na fungu lake kwenye ruzuku linakoma. Matokeo yanatoka Julai. Majina ya waliopata mikopo yanaanza kutangazwa Oktoba, kwa awamu, na vyuo vinafunguliwa wakati huohuo au Novemba. Miezi hiyo yote kaya imepungukiwa na ruzuku, na ndiyo miezi ambayo mtoto anahitaji fedha kuliko wakati wowote aliosoma.

Anahitaji za nini? Hili watu wengi hawalijui, wanadhani mkopo ukitoka mambo yamekwisha. Mkopo unagharamia ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Haugharamii bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo nimezoea kuona ikiandikwa 50,400, wala tozo ya udhibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), 20,000, wala michango ya serikali ya wanafunzi, kitambulisho na amana ya uharibifu. Vitu hivi vyuo vingi vinataka vilipwe ndipo mtu asajiliwe. Bumu nalo haliingii mpaka mtu asajiliwe na asaini. Kwa hiyo kijana ambaye mkopo wake umeshatoka, mwenye haki ya shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, anakaa nje ya lango kwa sababu hana 70,400 ya bima na tozo. Hapo sijataja nauli, godoro wala ndoo.

Mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuja na binti yake aliyepangiwa chuo cha mbali. Ruzuku ya kaya yao ilikuwa imeshuka baada ya binti kumaliza kidato cha sita, na mdogo wake bado alikuwa shule ya msingi. Akakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa na marejesho ya kila wiki, kwa kuweka dhamana vyombo vya ndani na cherehani. Binti alifika, akasajiliwa, akasaini. Bumu lilipoingia, sehemu kubwa ilirudi Mpwapwa siku hiyohiyo kwa simu kwenda kuikomboa cherehani. Mama alinionyesha ule ujumbe huku akilia, akaniambia, "Mwanangu, huyu sasa anakula nini huko?" Sikuwa na la kumjibu. Fedha iliyokopeshwa mwanafunzi ili ale ilienda kulipa riba ya mkopo wa kumfikisha chuoni. Na asisahau mtu kwamba bumu si ruzuku. Binti huyo akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara wake kurudisha kila shilingi, ikiwemo ile ambayo hakuila.

Suala la vielelezo nalo linaniumiza, ingawa lina afadhali. Bodi inakubali kuwa kutoka kaya ya TASAF ni kigezo cha uhitaji, na inastahili sifa kwa hilo. Lakini mzigo wa kuthibitisha yuko nao mtoto. Namba ya kaya iko kwenye kadi, kadi imefungwa kwenye nailoni tangu mvua za mwaka juzi, tarakimu mbili hazisomeki, basi mtu anapanda bodaboda kurudi kijijini kumtafuta mtendaji. Yatima ana cheti cha kifo, kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, anapita. Anayeteseka zaidi ni yule ambaye baba aliondoka kwenda machimbo na hajulikani alipo. Hana cheti cha kifo kwa kuwa hakuna kifo, na hana baba wa kusaini chochote. Wenzake kijijini wanajua vizuri ndiyo maana kaya yao iliingizwa kwenye mpango, maana walengwa walianza kupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji. Taarifa hiyo ipo TASAF. Kwa nini mtoto aitafute upya mtaa kwa mtaa, wakati taasisi zote mbili ni za serikali moja na zote zina mifumo ya kompyuta?

Ninachopendekeza ni kwamba fungu la mtoto kwenye ruzuku lisikatwe Mei. Liendelee mwaka mmoja zaidi kwa aliyepata nafasi ya chuo, na lilipwe kwa mkupuo mmoja, Oktoba, kwa kuonyesha barua ya udahili. Kwa kiwango kile cha zamani cha 6,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni 72,000. Bima na tozo ya TCU ni 70,400. Hata kwa hesabu hiyo ya zamani, lango linafunguka.

Likishindikana hilo, Bodi na vyuo wakubaliane kwamba kijana wa kaya ya TASAF ambaye mkopo wake umeshatangazwa asajiliwe kwanza, bima na tozo zikatwe kwenye bumu la kwanza. Mama asiende kukopa kwa ajili ya fedha ambayo tayari ina jina la mwanawe.