Napenda besiboli tangu utoto, sasa wamenipa timu ya watoto

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi asili yangu Mombasa ila nimekulia Pittsburgh, tulihamia nikiwa bado wa chekechea na toka hapo besiboli imeniingia damuni, Pirates washinde wasishinde mimi nipo nao, mechi ikishaanza kwenye redio sisikii la mtu. Sasa ligi ya mtaani kwetu imekosa kocha wa watoto wa miaka 9 na 10, wameniomba mimi na nimekubali kwa furaha, shida ni kwamba sijawahi kuchezea timu yoyote, kazi yangu ni kutazama tu. Kuna dogo mmoja ana mkono balaa, wenzake hawaugusi mpira wake, na baba yake anataka awe yeye mrushaji wa mpira kwa wapigaji kila mechi. Wengine mpira ukija wanageuza uso. Nianzie wapi?
Mpenzi wa Pirates

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, nimefurahi mno kusoma barua yako.

Hilo la kutowahi kucheza lisikunyime usingizi. Mtu aliyeangalia besiboli maisha yake yote anajua kwa nini mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mpira wa mrushaji, anasogeza glavu yake pembeni, anajua mkimbiaji akianza kuchungulia besi ya pili, yaani kituo kinachofuata, anataka kuiiba kwa kuikimbilia bila kungoja mpira upigwe, na watoto wanamhitaji mtu wa kuwaeleza hayo kwa mapenzi. Tena wewe uko Pittsburgh! Wapeleke PNC Park, uwanja wa Pirates, ukiweza, waonyeshe ule ukuta wa kulia, urefu wake futi 21 kwa sababu Roberto Clemente, nyota wa Pirates, alivaa namba 21, waambie alimaliza na hiti 3,000 kamili, yaani mara alizopiga mpira akafika besi salama, halafu tarehe 31 Desemba 1972 akafariki kwenye ajali ya ndege akiwapelekea misaada watu wa Nicaragua waliopigwa na tetemeko. Na wale wa kwetu waambie habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli kule Randburg na wakaishi kwenye chumba humo humo klabuni, yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa na kukulia bara letu akafika ligi kuu ya Marekani, ilikuwa 26 Aprili 2017, jezi hiyo hiyo ya Pirates, na mara ya kwanza tu kusimama kupiga akapata hiti kwa Jon Lester, mrushaji wa timu ya Cubs. Mimi hadithi hii sichoki kuisimulia.

Wanaogeuza uso usiwagombeze, woga wa mpira mgumu ni wa haki kabisa. Anza na mipira ya tenisi, waidake kwa mikono mitupu, halafu ndio waje kwenye glavu. Wafundishe kitu kimoja: mpira ukija juu ya kiuno vidole vinatazama juu, ukija chini ya kiuno vidole vinatazama chini, na mkono wa pili uko pale pale tayari kuufunika. Mtoto anayepindua glavu vibaya ndiye mpira unamruka unampiga usoni, akishalijua hilo la vidole utaona mwenyewe woga unapungua. Upande wa kupiga, weka mpira juu ya kile kisimamio wapige bila mtu kurusha, wapige sana tu, kuna raha kubwa mtoto akisikia ule mlio wa mpira uliogongwa sawasawa.

Sasa huyo dogo wa mkono. Hapa mwanangu nakuomba uwe mkali. Mifupa ya kiwiko kwa umri ule bado inakua, zile sehemu za kukulia ni laini, na kurusha kupita kiasi ndiko kunakoziumiza. Sheria za Little League, shirika la besiboli ya watoto, kwa miaka 9 na 10 ni mirusho 75 kwa siku, basi, na akifikisha 66 au zaidi anapumzika siku 4 kamili kabla hajarusha tena. Akirusha 41 au zaidi haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo, maana mdakaji naye anarudisha mpira kila mara, mkono haupumziki. Hata kama hajafika idadi, akianza kushika kiwiko, akianza kurusha juu juu bila shabaha, mtoe. Mpira wa kupinda usimfundishe sasa hivi, mpira wa kasi na ule wa kupunguza mwendo vinamtosha. Na kwa mwaka mzima apate angalau miezi 4 asirushe kabisa, acheze soka, aogelee, chochote.

Kuhusu baba yake, ongea naye kabla msimu haujaanza, mkiwa wawili, si pale uwanjani wazazi wote wanasikia. Mwonyeshe hizo namba kwenye kitabu cha sheria, aone si wewe unayembania mwanae. Halafu mpe kazi, mkabidhi kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia mirusho, ahesabu yeye, ya mwanae na ya watoto wengine wote. Siku dogo anapumzika mweke besi ya kwanza, pale anadaka sana na kurusha kidogo, na nafasi ya kurusha wape wenzake wawili watatu, hata huyo aliyekuwa anageuza uso.