Uliza Bibi Spana: Kodi si jina la spea

*Shikamoo Bibi. Taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi, nikanunua kile kidude cha kusomea, kikanipa P0171. Nikauliza watu, wakasema ni sensa ya oksijeni. Nimeibadilisha mwenyewe. Taa ilizima siku nne, imerudi na kodi ileile. Sasa nibadilishe na sensa ya pili?*
*– Aliyechoshwa na taa*

Marahaba. Pochi rudisha mfukoni kwanza.

Kodi tunayoizungumza hapa ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari hutoa, si ile ya nyumba, ingawa nayo inajua kumtoa mtu jasho. P0171 haitaji spea yoyote. Inasema tu kwamba mchanganyiko kwenye benki ya kwanza ya injini (safu yenye silinda namba moja) ni mwepesi, yaani hewa imezidi petroli. Injini ya petroli inataka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Sensa ya oksijeni ikinusa moshi na kukuta hewa imezidi, kompyuta inaongeza petroli kidogo, halafu tena kidogo, mpaka ifike ukomo wake. Hapo ndipo inapowasha taa. Kwa hiyo wewe umemfukuza mlinzi kwa sababu amekuambia kuna mwizi.

Sikucheki, maana nami nilishamfukuza wangu. Gari langu lilikuwa likisimama linatetemeka, likitembea limetulia. Nilibadilisha plagi zote, nikabadilisha koili moja, mwisho nikanunua sensa. Jioni moja nimeinama kutafuta bisibisi iliyonidondokea, injini inaunguruma, nikasikia sauti ya kufyonza, kama mtoto anayemalizia maji kwa mrija. Nyuma ya manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, kulikuwa na hosi ya mpira, nyeusi, nzima ukiitazama. Nilipoikunja kwa kidole gumba ikafungua mdomo upande wa chini, ufa wa urefu wa ukucha. Kipande cha hosi mpya kikamaliza kazi. Sensa ya zamani bado ninayo kwenye droo, nzima kabisa.

Kama kidude chako kinaonyesha data injini ikiwa inawaka, tafuta asilimia ya marekebisho ya petroli, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Isome gari likiwa limesimama, kisha shikilia mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, usome tena. Ikiwa juu ya kumi wakati wa kusimama halafu ikashuka ukikanyaga, tafuta hewa inayoingia kwa njia za panya: hosi, gasketi ya manifoldi, kifuniko cha kujazia oili. Ikizidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, geukia sensa ya kupima hewa, filta ya petroli na pampu. Sensa ya hewa mara nyingi ni uchafu tu. Ina dawa yake ya kupuliza, na kile kiwaya cha ndani usikiguse kwa kidole wala kwa kitambaa.

Na usifute kodi kabla ya kuandika. Kompyuta huhifadhi hali ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, joto la injini, mzigo. Ukifuta, unafuta na huo ushahidi.

Sasa hao watu uliowauliza. Swali lako kwao lilikuwa na neno moja, P0171, nao wakakujibu kwa neno moja. Ukiuliza tena, taja gari, injini, kilomita, umeshabadilisha nini, na tabia yenyewe. "Sensa imekufa" hainisaidii, kwani hayo ni maoni yako. "Asubuhi linatetemeka dakika mbili kisha linatulia" ndiyo habari. Halafu msikilize zaidi yule anayekurudishia swali kabla ya kukupa jibu. Na ukipona, rudi useme kilichokuponya. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kurudi.

*Bibi, nimenunua pedi za breki za mbele. Jina la gari sawa, mwaka sawa, muuzaji kaapa zinaingia. Hazikuingia. Masikio ya pedi ni mapana kuliko nafasi yake. Kosa ni la nani?*
*– Mwenye pedi za kuuza*

Kosa ni la jina na mwaka. Gari moja la mwaka mmoja linaweza kuwa na injini mbili tatu, diski za ukubwa tofauti, na mabadiliko yaliyofanyika kiwandani katikati ya mwaka bila gari kubadilika sura. Ndiyo maana mimi dukani siendi na jina la gari. Naenda na namba ya chesisi.

Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana namba ya herufi na tarakimu 17. Iangalie chini ya kioo cha mbele upande wa dashibodi, au kwenye nguzo ya mlango. Ukiinakili, kumbuka kwamba ndani yake hamna I, O wala Q, hivyo unachodhani ni O ni sifuri. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi: kodi ya modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Hiyo nayo inatosha, ila utafute katalogi ya soko hilo. Piga picha kibandiko chote, usiamini kumbukumbu.

Katalogi itakupa namba ya spea yenyewe, na hiyo ndiyo unayomsomea muuzaji. Toyota, kwa mfano, huandika tano, kistari, tano. Pedi za mbele huanza na 04465 na za nyuma 04466. Zile tano za mwisho ndizo zinazotenganisha gari lako na la jirani. Namba ikiwa imebadilishwa na mpya zaidi, katalogi huonyesha. Kampuni zinazotengeneza spea mbadala nazo huchapisha ulinganisho wa namba zao na za kiwanda, kwa hiyo hulazimiki kununua ya kiwanda. Pedi mbadala nzuri zipo, mimi ninazitumia.

Bado, fungua ya zamani kwanza ukiweza, uende nayo mkononi. Zilaze pamoja juu ya kaunta, mgongo kwa mgongo: umbo la bati, masikio, unene, mahali kile kichuma cha kupiga kelele pedi ikikaribia kuisha kilipo. Dakika moja tu. Na ukiambiwa spea ya "kushoto", ni kushoto kwa aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele, si kwa aliyesimama mbele ya boneti. Nimewahi kurudisha taa kwa kosa hilo. Muuzaji hakunicheka, lakini alikohoa sana.

Boksi usilichane mpaka ujue zinaingia.

*Fundi wangu hapendi nimsimamie. Nikiuliza ananijibu "wewe niachie tu". Nitajifunzia wapi?*
*– Mwenye mikono isiyotulia*

Mwelewe. Kila swali lako linakula muda wake, na mwisho wa siku analipwa kwa gari lililotoka, halipwi kwa somo. Mwambie wazi: nataka kununua saa yako moja, siku ambayo huna foleni, unionyeshe jambo hili moja. Wengi hukubali. Usichofanya ni kumpelekea injini uliyoifungua nusu, bolti zimo kwenye mfuko wa plastiki, ukadai akufungie kwa hisani.

Kitabu cha ufundi cha gari lako ndicho mwalimu wa pili. Watengenezaji kadhaa huuza ruhusa ya kusoma vitabu vyao kwenye intaneti kwa siku moja au mbili. Chagua siku, andaa orodha ya unachotaka, jinakilie hasa nguvu za kukazia bolti. Hizo ndizo usizozipata kwa kukisia. Video ninazipenda, lakini nikishaona ya kwanza natafuta ya pili ya mtu mwingine, kwa sababu video ya dakika nane huwa imeficha saa tatu za bolti iliyoganda. Na hakikisha injini ni ileile, siyo gari tu.

Kuna ambavyo sivifungui hata nikipewa kitabu: mifuko ya hewa ya usukani, springi iliyobanwa ya shokapu, na nyaya za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi. Hizo waachieni mafundi wenye vifaa vyake.

*Bibi, sina stendi za kushikilia gari lililoinuliwa. Matofali ya saruji hayawezi kubeba gari nikiingia chini kubadilisha oili?*
*– Mwenye haraka*

Hapana. Tofali la saruji hupasuka ghafla, tena lile lenye matundu ndilo baya zaidi. Jeki nayo ni ya kuinulia, haishikilii gari mtu akiwa chini. Tafuta stendi mbili zenye uwezo ulioandikwa, zisimame kwenye sakafu ngumu iliyolala sawa, chini ya sehemu ambazo kitabu cha gari kimezionyesha. Weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Kisha sukuma gari kwa bega kabla hujaingiza hata mkono. Likicheza, lishushe uanze upya. Oili itakungoja.